Sheria ya Siku ya Kosa



Kila tunapokutana kuwakumbuka marehemu wetu, swali moja hurudi chini ya mwembe: aliyeua zamani akishtakiwa leo, ataadhibiwa kwa sheria ya wakati ule au kwa sheria ya sasa? Kamati imeniomba niliandikie swali hilo katika toleo hili. Nimeona tuwatazame kwanza majirani waliokwisha kulipitia.

Rwanda mwaka 1994 ilikuwa na sheria ya adhabu ya 1977, ambayo muuaji aliweza kuhukumiwa kifo. Tarehe 30 Agosti 1996 ikapitishwa sheria mpya ya kuwashtaki walioshiriki mauaji ya kimbari. Sheria hiyo ilizaliwa baada ya kosa, lakini watunzi wake waliifunga kwenye ile ya zamani: kitendo kiwe kilikuwa tayari ni kosa siku kilipotendwa. Adhabu hawakuiongeza. Wapangaji wakuu walibaki na kifo, nao wafuasi waliokiri walipunguziwa. Tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani.

Kisha, Julai 2007, Rwanda ikafuta hukumu ya kifo, kwa kuwa mahakama ya Arusha na nchi nyingine hazikukubali kuwapeleka washtakiwa mahali wanapoweza kuuawa. Waliokuwa wakisubiri kifo wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Basi watu wawili waliotenda uovu uleule mwaka 1994, mmoja yuko kaburini, mwenzake yuko gerezani.

Wafiwa wengi huona hapo dhuluma, na siwalaumu. Lakini kanuni ndiyo hiyo: adhabu nzito iliyotungwa baadaye hairudi nyuma, na iliyopunguzwa baadaye humfaa mshtakiwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema wazi katika kifungu cha 50. Sisi walimu tunaijua nusu ya kwanza: mwanafunzi hafelishwi kwa somo ambalo halikuwamo katika muhtasari wa mwaka wake. Nusu ya pili ni ngumu zaidi kumeza.

Uganda ililikuta tatizo hilo kwa Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA, jeshi ambalo wengi wetu hapa tulilikimbia. Sheria ya Uganda ya 2010 kuhusu makosa ya kivita ilikuja baada ya matendo yake, hivyo haikuweza kutumika. Waendesha mashtaka wakategemea sheria ya jinai ya zamani na desturi za sheria ya mataifa. Alikamatwa 2009, alihukumiwa miaka 40 tarehe 25 Oktoba 2024. Mabishano ya sheria yalichukua sehemu kubwa ya miaka hiyo 15.

Sasa Juba. Mapatano ya amani ya 2015 na ya 2018 yaliahidi mahakama mseto kwa makosa yaliyotendwa tangu 15 Desemba 2013. Bado haijafunguliwa. Ikifunguliwa itakuta Katiba ya 2011, kifungu cha 19, kinachokataza kumshtaki mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. Mauaji na ubakaji vilikuwa makosa tayari katika sheria ya jinai ya 2008, kwa hiyo hakuna atakayejificha hapo. Ila mawakili watauliza kwanza: lini?

Katika daftari la kamati, majina mengi hayana tarehe. Mwenye kuikumbuka siku, au hata siku ya soko au ya sikukuu iliyokuwa karibu nayo, amwone katibu.