Amri ya Nane na Sura Isiyo na Mwenyewe



Injili ya Mathayo yasimulia kwamba usiku ule Yezu alipokamatwa, watu waliokuwa uani walimtambua Petro kuwa Mgalilaya kwa matamshi yake. Hawakukosea, Petro alitoka Galilaya kweli. Lakini Galilaya ilikuwa na wavuvi, wakulima na mafundi wengi, na matamshi yale yale yalikuwa vinywani mwao wote. Kujua mtu atoka wapi ni jambo moja. Kujua ametenda nini ni jambo lingine. Sayansi ya siku zetu imetuletea tena swali hilo kwa njia mpya.

Mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mtaalamu Alec Jeffreys aligundua kwamba vinasaba, ambavyo shuleni kwetu huitwa ADN, vina sehemu zinazotofautiana kutoka mtu hadi mtu, isipokuwa kwa mapacha wa kufanana. Karibu na mji huo wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wameuawa, mmoja mwaka 1983, mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mbele ya polisi kwamba ndiye aliyemwua mmoja wao. Jeffreys alipolinganisha damu ya kijana huyo na alama alizoacha mwuaji, ilionekana kwamba siye, na kwamba wasichana wote wawili waliuawa na mtu mmoja. Mwuaji wa kweli alihukumiwa mwaka 1988. Hivyo vinasaba vilipoingia mara ya kwanza katika upelelezi wa mauaji, vilimwokoa asiye na hatia aliyekwisha kujishtaki mwenyewe.

Njia hiyo yahitaji vitu viwili vya kulinganisha: alama ya mahali pa kosa na alama ya mshukiwa. Ikiwa mshukiwa hajulikani, wapelelezi wafanye nini? Ndipo lilipozaliwa swali la pili: je, damu yaweza kutuambia mwenye damu anafananaje?

Mwaka 1999, katika jimbo la Friesland nchini Uholanzi, msichana wa miaka 16 aliuawa. Karibu na hapo palikuwa na kituo cha wageni walioomba hifadhi, na wenyeji wengi waliamini kwamba mwuaji ametoka humo. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba asili yake yaelekea kuwa Ulaya ya kaskazini magharibi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, maelfu ya wanaume wa eneo lile waliombwa kutoa mate yao yapimwe. Aliyepatikana alikuwa mkulima, mwenyeji wa hapo hapo. Wakimbizi walikuwa wamebeba shuku ya bure.

Uholanzi ilitunga sheria ya kuruhusu uchunguzi wa namna hiyo mwaka 2003. Mwaka 2011 watafiti wa Rotterdam, wakiongozwa na Manfred Kayser, walitangaza kipimo cha rangi ya macho kinachotazama alama sita tu katika vinasaba. Vipimo vya rangi ya nywele na ya ngozi vilifuata. Hiyo ni kazi ya kweli, nayo yastahili heshima.

Hata hivyo tupime mipaka yake. Kipimo cha macho hutofautisha vizuri macho ya buluu na ya kahawia. Huko Rotterdam, ambako macho ni ya rangi nyingi, jibu hilo lapunguza idadi ya wanaoshukiwa. Kwetu Dilolo, ukiambiwa kwamba mwizi ana macho ya kahawia, nywele nyeusi na ngozi nyeusi, umeambiwa nini? Umetajiwa soko zima, na mtaja mwenyewe yumo. Tena umbo la pua, la mashavu na la kidevu hutegemea vinasaba vingi mno ambavyo bado havijaeleweka vyote. Na vinasaba havionyeshi kovu wala njaa ya mtu.

Mambo haya yalidhihirika mjini Edmonton, Kanada. Mwezi Machi 2019 mwanamke mmoja alishambuliwa na kubakwa, akaachwa nje katika baridi kali bila fahamu. Mshambulizi hakujulikana. Tarehe 4 Oktoba 2022 polisi walitangaza picha iliyotengenezwa kwa kompyuta na kampuni ya Marekani, Parabon NanoLabs, kutokana na vinasaba peke yake: uso wa kijana mweusi mwenye asili ya Afrika Mashariki. Umri wa miaka 25 ulikuwa wa kukadiria tu, maana kompyuta haikuujua. Mjini humo wanaishi watu wengi waliotoka Somalia, Ethiopia na Eritrea. Nani kati ya vijana wao hakufanana na picha ile kidogo? Lawama zilikuwa nyingi, na baada ya siku mbili polisi waliiondoa na kuomba radhi. Haki ya mwanamke yule ilikuwa ya kweli, nao walitaka kumsaidia. Lakini sura isiyo na mwenyewe huwaangukia wote wanaofanana nayo.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu na mashine zao. Katika miaka ya 1992 na 1993, huku kwetu Katanga, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa huku, watoto na wajukuu wa watu walioletwa kufanya kazi ya migodi na ya reli. Walijazana katika vituo vya gari la moshi wakingoja safari, na wengi walikufa vituoni na njiani. Hakuna aliyepima damu yao. Jina na matamshi vilitosha, kama uani usiku ule, na waliowafukuza walikuwa na Wakristo kati yao.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofafanua amri ya nane, yafundisha kwamba anayesadiki kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha, hata akiwa kimya, amekwisha kutenda dhambi ya hukumu ya haraka. Kipimo cha vinasaba chaweza kuwa msingi, kikimlinganisha mtu mmoja na alama moja. Kikitaja kundi, chamwelekeza mpelelezi pa kuanzia kutafuta, hakijamshtaki mtu.

Kabla ya mkutano wenu ujao, kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani kwake aliona nini mwaka 1993, na ni nani aliyemficha jirani. Kisha mjiulize pamoja: kitu kikiibwa leo katika mtaa wetu, ni jina la nani linalotajwa kwanza, na kwa msingi gani?