Toleo Linapoachiwa

Prodyuza mmoja chipukizi alinionyesha tableti yake, programu ya muziki ikiwa wazi kwenye ukurasa wa kinanda. Chini ya skrini palikuwa na vitufe vinne vya kuzungusha, vile vinavyotawala umbo la sauti tangu kidole kinapogusa mpaka ukimya unaporudi. Cha nne kilikuwa kimeandikwa “Toleo”. Akabonyeza noti, akainua kidole, sauti ikakatika papo hapo. Akakizungusha kitufe kuelekea kulia, akabonyeza tena. Safari hii kidole kiliondoka lakini noti ikabaki inalia, ikififia taratibu kama kengele ya mbali.

“Sasa hapa toleo liko wapi, mzee?” akaniuliza.

Halikuwapo. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza release, akakuta orodha yake ya istilahi ina jibu moja tu, akaliweka hilo hilo kila mahali. Kwenye ukurasa wa taarifa za programu jibu lile lilikuwa sahihi. Kwenye kinanda lilipotosha. Kwa kitufe kile neno linalofaa ni kuachia. Unaachia noti kama unavyoachia kamba, na ni pale kidole kinapotoka ndipo muda wa kufifia unapoanza kuhesabiwa.

Lakini sitaki tulitupe toleo kwa kosa ambalo si lake. Limetokana na kutolea, si kutoa peke yake, na ule mnyambuliko wa kutendea unadai awepo anayetolewa kitu. Ndiyo maana waumini hupeleka matoleo kanisani, na gazeti huwa na toleo la Jumapili. Programu iliyokamilika lakini ingali kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza, kwa maoni yangu, bado si toleo. Ni kazi yake ya ndani. Inakuwa toleo siku inapomfikia mtu mwingine, hata kama ni wajaribuji kumi tu. Hapo tunasema toleo la majaribio, na tunasema kweli.

Wachapishaji wa vitabu walilinoa neno hili kabla ya simu kuingia mifukoni mwetu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, ikapata toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kitabu kikirudi mtamboni bila kuguswa maneno yake, ukurasa wa mwanzo husema “kimepigwa chapa tena”, na hakuna anayethubutu kukiita toleo jipya. Busara hiyo inatufaa kwenye programu. Ikitoka 1 kwenda 2, hilo ni toleo jipya. Ikitoka 2.0 kwenda 2.0.1 kwa sababu metronomu ilikuwa inachelewa, hilo ni sasisho: kitu kile kile kimefanywa kiwe cha sasa. Sasisho ni neno lililoundwa vizuri mno, na linaonewa kila linapoitwa toleo jipya ili lionekane kubwa.

Mfano ninaoupenda ni NanoStudio, studio ya mfukoni ya Blip Interactive ya Uingereza, kazi ya mtu mmoja, Matt Borstel. Ya kwanza ilitoka kwa iPhone mwaka 2010. NanoStudio 2 ilitoka kwa iPad mwezi Desemba 2018. Miaka minane! Na haikuja kama sasisho juu ya ile ya zamani. Ilikuja kama programu ya peke yake, ikiwa na kinanda kipya kiitwacho Obsidian na sehemu ya ngoma iitwayo Slate. Hapo sina kipingamizi mtu akisema ilizinduliwa.

Kuzindua ni neno zito. Kama funika huzaa funua na anika huzaa anua, zindika huzaa zindua. Kuzindika ni kukiwekea kitu kinga kwa dawa. Kuzindua ni kuiondoa kinga hiyo, na pia kumwamsha mtu aliyelala au kuzimia. Kitu kinachozinduliwa kilikuwa kimefungwa, sasa kinafumbua macho mbele ya watu. Albamu huzinduliwa, daraja huzinduliwa. Sasisho la 2.0.1 halizinduliwi, kwa kuwa programu iko macho tangu zamani.

Kitendo chenyewe cha kulipeleka toleo dukani ningekiita kuachia, kama tunavyosema msanii ameachia ngoma mpya. Sababu yangu si mtindo wa vijana. Anayeachia ngazi hana tena mamlaka aliyokuwa nayo, na mtengenezaji aliyeachia toleo yuko hivyo hivyo. Duka la Apple humruhusu kuachia sasisho kwa siku saba: siku ya kwanza linafika kwenye asilimia 1 ya simu zinazojisasisha zenyewe, kisha 2, 5, 10, 20, 50, hadi 100. Akigundua kasoro siku ya tatu anaweza kusimamisha mwendo, lakini walioshapokea wameshapokea. Kwenye Google Play pia hakuna kuwarudisha nyuma. Dawa ni kuachia jingine lenye namba kubwa zaidi. Kwa asiye na kampuni nyuma yake, anayejua kwamba mtu fulani ana wimbo nusu ndani ya faili ambalo toleo lake jipya huenda likashindwa kulifungua, dakika ile ya kubonyeza si jambo dogo. Neno linalobeba ile hali ya kitu kukutoka mkononi ndilo linalomstahili.

Nilimweleza kijana haya yote, naye akawaandikia watengenezaji. Kama wataniuliza mimi, taarifa yao ijayo ningeiandika hivi: Sasisho 2.0.1 limeachiwa leo. Kitufe cha nne kwenye kinanda sasa kinasomeka “Kuachia”.