Kila Kabila na Sheria Yake? Tuulize Kwanza Nani Ataisema

Ndugu msomaji, wiki hii nimebishana sana na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, sasa ni wakili. Yeye anasema sheria tunazotumia ni za Mwingereza, hazitufai, na kwamba kila jamii ya asili iachiwe ijiamulie mambo yake kwa mila zake: ndoa, mirathi, ardhi, kila kitu. Hoja inavutia. Hata mimi nikiwa chuo niliwahi kuitetea kwa nguvu zote. Lakini nikisoma historia yetu nakutana na swali ambalo watetezi wake hawalijibu. Nani anayeisema hiyo mila, na asiyekubaliana nayo aende wapi?

Wengi tunadhani Mwingereza alizitupa mila zetu. Siyo kweli, alizitumia. Gavana Donald Cameron alifika Tanganyika mwaka 1925. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji, na mwaka 1929 ikaja sheria ya mahakama za wenyeji. Mwafrika akawa anahukumiwa mbele ya chifu kwa sheria ya kabila lake, mbali na mahakama za Wazungu. Chini ya sheria hiyo ya 1929 rufaa yake haikufika Mahakama Kuu. Ilikwenda kwa DC, kisha kwa PC, na mwisho kwa Gavana. Kwa hiyo kuwa na sheria yetu ya pekee haikuwa heshima tuliyopewa. Ilikuwa njia rahisi ya kututawala.

Kisha mila zikaanza kuandikwa. Hans Cory, mtaalamu aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria za Wahaya mwaka 1945 na cha Wasukuma mwaka 1953. Walioulizwa mila inasemaje walikuwa hasa machifu na wazee. Hebu fikiria ukoo wako mwenyewe ukiulizwa leo nani anastahili kurithi shamba, halafu wanaojibu ni wajomba na baba wakubwa tu. Majibu yatakuwa ya mila, sawa, lakini mila kama inavyoonekana kutoka kwenye kiti cha nani?

Uhuru ulipokuja tulifuta uchifu mwaka 1963, na mahakama zikaunganishwa kuwa mfumo mmoja. Lakini mwaka huo huo serikali ikakusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzichapisha kama sheria. Kwenye Tangazo la Serikali Namba 436, kanuni ya 20, ikaandikwa kwamba mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake yote, hana ruhusa kuiuza. Mila ambayo zamani wazee wangeweza kuilegeza kulingana na mtu na shida yake, sasa ikawa maandishi ya serikali.

Hapo ndipo anapoingia Bi Holaria Pastory wa Kagera. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Alipoanza kuzeeka, akiwa hana mtu wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe. Mpwa akashinda, kwa kanuni ile ile ya 20. Mahakama ya Wilaya ikageuza hukumu, na mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza.

Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akasema kanuni hiyo inapingana na Katiba, ambayo ilikuwa imeingiziwa Haki za Binadamu mwaka 1984. Bi Holaria akashinda. Lakini kuna jambo ambalo wanaoisimulia kesi hii hulisahau. Jaji hakuifuta ardhi ya ukoo. Kwa mila, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo, ndugu zake wana haki ya kuikomboa kwa kurudisha fedha. Jaji akasema utaratibu huo huo utumike kwa mwanamke, na akampa mpwa miezi sita alipe 300,000 aikomboe ardhi. Mila ilibaki, kilichoondoka ni ubaguzi. Na tukumbuke: kwa utaratibu wa 1929, kesi ya mama huyu isingefika kwa jaji yeyote.

Sasa msomaji unaweza kusema, basi tuzifute mila zote, tuwe na sheria moja. Hapana, hapo pia historia inatukataza. Nendeni Hanang'. Miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba ya ngano ya takriban ekari 100,000 kwenye malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na Mahakama Kuu ikakipa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema pamoja na mengine kwamba wanakijiji hawakuwa wamethibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Jamani, Mbarabaig athibitishe kwamba ni mwenyeji wa Hanang'! Hapa mila iliposhindwa kulindwa, watu walipoteza malisho yao.

Haki ilichelewa hadi mwaka 1994, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe kutoka Mbulu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na serikali haiwezi kuichukua bila fidia ya haki. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaitambua haki hiyo ya kimila, na papo hapo ikasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili.

Nadhani jibu liko hapo. Mila ipewe nguvu kamili pale jamii inaposimama mbele ya serikali au kampuni inayotaka ardhi yake. Lakini ndani ya jamii, mnyonge lazima awe na mlango wa kutokea, mahakama atakayoikimbilia bila kuomba ruhusa kwa wale wale anaowalalamikia.

Mlango huo haujawa wazi siku zote. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliofukuzwa kwenye nyumba na watoto wao, walizipinga kanuni zile za 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila yote 120 zingefuata. Rufaa ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikasema Tanzania imewavunjia haki wajane hao. Karibu miaka kumi, na nyumba ilikuwa imeshakwenda.

Rafiki yangu wakili atasema nimeipendelea mahakama ya Mzungu. Namwomba anijibu jambo moja tu. Kama kila kabila litajihukumu lenyewe, Bi Holaria angepeleka wapi rufaa yake? Kwa mpwa wake?

Naomba kutoa hoja.