Ansab na elimu ya maji
Ansab ni eneo la Maskati, Omani, lenye kituo cha kusafisha majitaka na mabwawa yanayopendwa na ndege wahamaji. Vijidudu hula uchafu, kisha maji hupita kwenye utando wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Maji yaliyosafishwa humwagilia miti ya mjini. Imani kwamba maji yakishachafuka hayasafiki tena ni mfano wa uhaba wa elimu ya msingi ya sayansi, unaoonekana kote duniani. Hata mvua ni maji yaliyokwisha kutumika. Wanazuoni wa Saudia, kwa kweli, waliwatangulia wengi: fatwa yao ya 1978 iliruhusu majitaka yaliyosafishwa hata kwa udhu, mradi rangi, ladha na harufu ya najisi zimeondoka.