Majitaka Shambani: Ushahidi wa Nani?

Mji unaomwagilia mashamba kwa majitaka yake hauna budi kujibu swali moja: nani aaminiwe akisema kwamba maji haya sasa yanafaa? Swali hili limejibiwa Mexico, Bengali, Saudi Arabia na Geneva, na majibu hayafanani.

Katika Bonde la Mezquital, kaskazini mwa Jiji la Mexico, shahidi ni mavuno. Kwa zaidi ya karne moja majitaka ya jiji hilo yalimiminwa bondeni bila kusafishwa, yakastawisha mahindi na lusani kwenye maelfu ya hekta zilizokuwa kame. Serikali ilipojenga kiwanda cha Atotonilco, chenye uwezo wa kusafisha mita za ujazo 35 kwa sekunde, baadhi ya wakulima walinung'unika: maji yakisafishwa, naitrojeni na fosforasi zitapungua, nao watalazimika kununua mbolea. Hoja yao ina uzito, ila mahindi hayaugui minyoo. Wanaougua ni watoto wanaocheza kandokando ya mifereji, na gunia la mahindi haliwezi kutoa habari zao. Ndiyo maana mboga zinazoliwa mbichi, kama saladi na giligilani, zilipigwa marufuku bondeni humo.

Mashariki mwa Kolkata, huko Bengali, ushahidi ni wa jicho lililozoea. Majitaka huingizwa kwenye mabwawa ya kina kifupi na kuachwa juani. Bakteria huvunjavunja uchafu, mwani hutoa oksijeni, samaki hula vijimea vinavyoota humo, kisha maji hushuka kwenye mashamba ya mpunga. Mfugaji hutazama rangi ya bwawa na kuamua lini afungue lango na lini alifunge. Mhandisi Dhrubajyoti Ghosh alipofuatilia majitaka ya jiji yanakoishia, katika miaka ya 1980, aligundua kwamba wavuvi na wakulima hao ndio waliokuwa wakiyasafisha. Mwaka 2002 eneo hilo, lenye hekta zipatazo 12,500, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hata hivyo, jua linaloua vimelea haliui kromiamu ya viwanda vya ngozi, na kromiamu haionekani kwa macho.

Fiqhi ya Kiislamu imelishughulikia jambo hili kwa karne nyingi. Aliyepita chuoni katika pwani yetu ya Kishafii anajua kwamba maji yaliyofikia kullatein, yaani ujazo wa mitungi miwili mikubwa, hayawi najisi ila yakibadilika rangi, ladha au harufu, na kwamba badiliko hilo likiondoka lenyewe, tahara hurejea. Juu ya msingi huo, mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia lilitoa fatwa: majitaka yaliyosafishwa mpaka yakarudia hali yake ya asili ni tahara, hata kwa kutawadha. Wanazuoni hawakutegemea pua zao peke yake. Walitegemea maelezo ya wataalamu kuhusu usafishaji, wakashauri pia kwamba ni bora maji hayo yasinywewe, kwa kuchelea afya. Walitenganisha tahara na usalama, nao usalama wakamwachia anayeweza kuupima.

Shirika la Afya Duniani, kutoka Geneva, lilianza na maabara. Miongozo yake ya mwaka 1989 ilitaka maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja la minyoo kwa lita, wala koliformi 1,000, yaani bakteria wa kinyesi, kwa mililita 100. Miji mingi maskini haikuweza kuvifikia vipimo hivyo. Miongozo ya mwaka 2006 ikaugawa mzigo: sehemu ibebwe na mabwawa, sehemu na uchaguzi wa mazao, sehemu na siku zinazopita kati ya kumwagilia na kuvuna, na sehemu na jikoni, kwa kuosha na kupika. Kwa mara nyingine mkulima akawa na kazi katika usafishaji, kama ilivyo Kolkata.

Na kwetu? Wapo wakulima Nairobi wanaoziba bomba kwenye chemba ili majitaka yafurike kwenye sukuma wiki, huku wakimkwepa askari wa jiji. Moshi, wakulima wa mpunga wanatumia maji yaliyokwisha kupita kwenye mabwawa ya kusafishia. Wote wanatafuta maji na rutuba. Wa Moshi wanapata maji yaliyokaa bwawani hadi mayai ya minyoo yakazama kwenye tope, na tena wanalima zao lisiloliwa bichi. Wa Nairobi wanayapata kama yalivyotoka chooni, na mboga yao inafika sokoni baada ya saa chache.

Kwa hiyo maabara ni lazima, maana sumu ya viwandani haina shahidi mwingine. Lakini maabara haifungi lango la mfereji. Anayelifunga ni mkulima, naye huwezi kumwagiza aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna ikiwa kila akikuona anakimbia. Halmashauri inayotaka mboga salama ianze kwa kumwandikisha mkulima huyo, impe maji ya bwawani, kisha ndipo imdai masharti.