Indaba, imbizo, lekgotla: maneno ya kikao hapa Alex

Ndugu zangu, nawaandikia kutoka Alexandra. Najua nimeadimika. Juzi mjomba kaniuliza kwenye simu, "Hivi huko mnaongea lugha gani hasa?" Jibu fupi: zote. Kizulu, Kipedi, Kitswana, Kitsonga, na mtu mmoja anaanza sentensi kwa hii anaimaliza kwa ile. Jibu refu ni hili hapa, nalo lina historia ndani yake, kwa hiyo chukueni chai kabisa.

Maneno yaliyonikaa zaidi ni yale ya watu kukaa pamoja na kubadilishana mawazo. Indaba kwa Kizulu ni jambo au habari, halafu ni kikao chenyewe cha kulijadili hilo jambo. Imbizo linatokana na biza, yaani kuita: zamani aliita mfalme, siku hizi hata waziri akitaka kuongea na wananchi anaitisha imbizo. Lekgotla la Kisotho na Kitswana linatokana na kgotla, uwanja wa chifu wa kusikilizia mashauri. Si sawa na baraza letu? Kwetu pwani ni pale nje ya nyumba wazee wanapokunywa kahawa, na jina hilohilo limepanda hadi Baraza la Mawaziri. Huku nako mawaziri wakikutana kupanga kazi za serikali, kikao wanakiita lekgotla.

Sasa Alex yenyewe. Ilianzishwa 1912, mwaka mmoja kabla ya ile sheria ya ardhi ya 1913, ndiyo maana mtu mweusi aliweza kununua kiwanja hapa kwa hati yake. Lakini huduma hazikuja. Umeme haukuwepo miaka mingi mpaka watu wakaiita Mji wa Giza. Mkiachwa hivyo mtafanya nini? Mtakaa mjadiliane.

Neno kubwa kuliko yote lililotoka kwenye vikao hivyo ni azikhwelwa. Litazameni vizuri! Khwela ni kwea yetu ileile. Azikhwelwa: hazikwewi. Yaani mabasi hayapandwi. Januari 1957 kampuni ya mabasi ya PUTCO ilipandisha nauli kutoka peni 4 hadi peni 5. Mtaona peni moja ni nini, lakini kwa mshahara wa wakati ule ilikuwa chakula cha watoto. Watu wakaamua kutembea kwa miguu mpaka mjini Johannesburg, kama kilometa 15 kwenda na 15 kurudi, alfajiri na jioni, mvua ikiwanyeshea. Miezi mitatu! Polisi waliwasumbua hata wenye magari waliowapa watu lifti. Mikutano ilifanyika hapa Alex kwenye uwanja ulioitwa Namba 3, na hakuna kiongozi aliyeweza kuamua peke yake. Mapendekezo ya mwanzo ya suluhu yaliletwa mbele ya watu, wakayakataa. Mwishowe nauli ikabaki peni 4, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwafanya waajiri wachangie usafiri. Walikuwa na uzoefu pia, maana miaka ya 1940 waligoma mara kadhaa. Mgomo wa 1943 alitembea nao kijana mmoja aliyekuwa amepanga chumba hapa, anaitwa Nelson Mandela.

Nikija kwenye 1986, wa nyumbani mtaelewa haraka kwa sababu ya balozi wa nyumba kumi. Baada ya mapambano makali ya Februari na polisi, Alex walijipanga kwa kamati: ya ua mmoja, ya kundi la nyumba, ya mtaa, mpaka kamati kuu chini ya Moses Mayekiso, mtu wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Tofauti na balozi wetu, hizi hazikushuka kutoka kwa chama tawala. Serikali ikaona kukaa na kujadiliana ni uhaini. Mayekiso na wenzake wanne walishtakiwa hivyo, wakaachiwa huru Aprili 1989.

Mpaka hapo mtasema nimeipenda Alex mno. Ngojeni.

Tarehe 11 Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia hapahapa, yakasambaa sehemu nyingi za nchi. Waliuawa watu 62, na 21 kati yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Watafiti waliochunguza baadaye waliandika kwamba Alex kulitangulia mkutano wa wakazi, ajenda ikiwa uhalifu. Ni kikao kama vile vya zamani: watu wamekaa, kila mmoja anatoa wazo, wanakubaliana. Wazo safari hii lilikuwa kututoa sisi. Nasema sisi ingawa mwaka ule nilikuwa bado nyumbani, kwa sababu aliyebisha hodi usiku ule asingeniuliza nimefika lini.

Mama ameniuliza kama huwa nahudhuria mikutano ya mtaa. Nahudhuria. Nakaa karibu na mlango, nasikiliza ajenda ya kwanza. Ikiwa ni maji au umeme kukatika, nabaki hadi mwisho, na mara mbili nimeshanyoosha mkono nikasema kwa Kizulu changu cha kuokoteza.

Mnisalimie bibi.