Nyumba za Kuingilia Darini

Katika uwanda wa Konya, Uturuki, palikuwa na mji usio na mitaa. Çatalhöyük ilianza kukaliwa karibu mwaka 7100 KK, na nyumba zake za matofali ya udongo zilibanana ukuta kwa ukuta, hata watu wakawa wanapita juu ya mapaa. Aliyetaka kuingia kwake alishuka kwa ngazi kupitia tundu la paa.

Tundu hilohilo ndilo lililotoa moshi wa jiko lililokuwa chini yake.

Ndani, chumba kilipangwa kwa uangalifu wa kustaajabisha. Kuta zilisiribwa kwa lipu nyeupe, tena na tena. Baadhi zina matabaka kwa mamia. Juu ya lipu hiyo wakazi walichora wanyama wa mwituni na wawindaji, au wakapachika pembe za mafahali. Kandokando ya kuta vilijengwa vibaraza vya udongo vya kukalia na kulalia, na chini ya vibaraza hivyo walizikwa wafu. 

Mwanaakiolojia James Mellaart alianza kuchimba hapo mwaka 1961. Ian Hodder akaendeleza kazi kuanzia 1993. Hadi leo halijapatikana hapo jumba la mfalme.